Povu la kunyolea kwa maji ya kisima cha Bamburi, Mombasa: shajara ya mradi

5 Aprili 2025. Mwanzo

Miaka yote nimenyoa kwa wembe wa plastiki wa kutupa na sabuni ya kuogea, na miaka hiyo yote shingo yangu haijapumzika vipele. Ndevu zangu ni za kipilipili. Zikikatwa chini sana hujikunja zikarudi kuingia kwenye ngozi, na pale zilipoingia panavimba. Mjomba wangu, aliyekuwa kinyozi mtaa wa Majengo mpaka macho yalipomchoka, ameniambia mara nyingi kwamba ninanyoa ndevu kavu na kuulaumu wembe bure. Safari hii nimeamua kumfuata: wembe mmoja wa makali mawili, brashi, na povu la kupiga kwa mkono. Naandika kila hatua na kila shilingi ili mwenye shingo kama yangu apate pa kuanzia.

Vilivyonunuliwa, kwa shilingi za Kenya: mpini wa wembe 950, nyembe kumi 100, sabuni ya kunyolea ya kopo 650, brashi 700. Jumla 2,400. Kibakuli nimechukua jikoni.

Neno moja kuhusu brashi. Nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui, anasema tu "nywele asilia". Kwa sisi Waislamu jambo hilo si dogo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, na asiyeweza kukujibu usinunue kwake. Yangu ni ya nyuzi za nailoni. Ina tabia yake kuhusu maji, na tabia hiyo ilinipotezea wiki mbili, kama utakavyoona chini.

Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Nililowesha brashi kwa maji ya kisima, nikaizungusha juu ya sabuni, nikapiga kwenye kibakuli dakika tatu. Povu lilitoka jembamba lenye mapovu makubwa, nikalipaka, na kabla sijamaliza shavu la kulia, la kushoto lilikuwa limekwisha kukatika na ngozi inaonekana. Kwenye brashi ulibaki utando wa kijivu unaonata. Nilijikata mara mbili.

12 Aprili. Kosa: kuongeza sabuni

Nilidhani sabuni ni kidogo, nikaongeza. Kila asubuhi nilizungusha brashi muda mrefu zaidi, mpaka siku ya nne povu likawa kama unga wa chapati uliokandwa. Machoni lilipendeza: jeupe, limesimama. Lakini wembe ulikuwa unavuta. Baada ya kila mpigo ulijaa uji mgumu usiotoka hata ukiusuuza, na shingo iliwaka mpaka jioni.

Yaani povu limesimama kwenye uso na bado halifanyi kazi. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza povu lina kazi gani hasa. Ndevu hulainika zikinywa maji, na huchukua dakika mbili tatu kushiba. Povu ndilo linaloyashika maji hayo pale usoni yasitiririke wala yasikauke, na juu yake linaupa wembe utelezi. Povu nililokuwa nikilipiga mimi lilikuwa sabuni na hewa, maji karibu hamna.

Gharama ya wiki: karibu robo ya kopo la sabuni imekwenda.

19 Aprili. Chupa tatu

Kabla ya kuendelea kubahatisha nilirudi kwenye kitu tulichofanyishwa shuleni. Nilichukua chupa tatu za plastiki zinazofanana, kila moja nikaitia maji nusu kikombe na vipande vya sabuni vya ukubwa mmoja. Ya kwanza maji ya kisima, ya pili maji ya kisima yaliyochemshwa dakika kumi yakaachwa yapoe na kutulia, ya tatu maji ya mvua niliyokinga usiku kwenye sufuria. Kila chupa niliitikisa mara 20.

Chupa ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni na nusu saa baadaye bado limo. Ya kisima ilitoa povu la unene wa kidole, likafa ndani ya dakika mbili, na maji yakabaki meupe kama yaliyotiwa maziwa, na chembechembe zikielea. Ya maji yaliyochemshwa ilikuwa katikati, nzuri kuliko nilivyotarajia.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Bamburi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Kiwanda cha saruji kilichimba mwamba huo huo, na machimbo yake yaliyopandwa miti ndiyo Haller Park ya leo. Maji ya kisima hupita kwenye chokaa hiyo na kubeba kalsiamu. Sabuni ikikutana na kalsiamu au magnesiamu hugeuka kitu kisichoyeyuka, na huo ndio utando wa kijivu uliokuwa ukinata kwenye brashi yangu. Sabuni inayoliwa na kalsiamu haitoi povu hata kidogo, na inayobaki ndiyo inayofanya kazi. Ndiyo maana wakati wote nilihisi sabuni haitoshi.

Kuchemsha husaidia kwa sababu sehemu ya chokaa hiyo huganda na kushuka. Anayechemsha maji ya kisima anaujua ukoko mweupe ndani ya birika. Lakini sehemu nyingine haitoki kwa moto, na chumvi ya kawaida, ambayo visima vingi vya huku pwani vinayo, hubaki yote. Chumvi nayo hulipunguza povu.

26 Aprili. Ndimu: usijaribu

Nilisikia kwamba asidi ya ndimu huishika kalsiamu isiisumbue sabuni. Nikakamua nusu ndimu (shilingi 10) kwenye kikombe cha maji ya kisima. Povu halikutoka kabisa. Nilipata maji yenye vipande vyeupe vya mafuta, kama maziwa yaliyokatika.

Kosa langu ni kipimo. Sabuni ni mafuta yaliyounganishwa na magadi makali, na ukiitia asidi nyingi unaivunja, mafuta yanarudi kuwa mafuta. Chembe ndogo mno ya asidi ya ndimu ya unga labda ingefaa, lakini nusu ndimu ni mara nyingi zaidi ya inayohitajika, na nikipima kwa jicho asubuhi na usingizi machoni nitakosea kila siku. Nimeachana nayo. Ngozi iliyotoka kunyolewa nayo haikuipenda hata kidogo.

10 Mei. Maji ya mvua

Masika yamefika. Nimenunua mtungi wa lita 20 uliotumika (shilingi 250), nikauweka chini ya mrizabu wa paa la mabati. Mvua ya kwanza niliyamwaga maji yote, kwani hubeba vumbi, majani na mavi ya ndege. Mvua ya pili nilisubiri robo saa ndipo nikakinga, nikachuja kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Mtungi ulijaa kwa usiku mmoja.

Siku ya kwanza ya maji haya nilipiga brashi kama nilivyozoea na povu likafurika kibakuli, likamwagika kwenye sinki. Nilifurahi sana. Nikapaka, likaanza kushuka shingoni kama maji ya sabuni ya kufulia, mapovu makubwa yanapasuka moja moja. Siku ya pili lilikuwa gumu. Siku ya tatu likawa zuri ajabu, wembe ukateleza kana kwamba hakuna ndevu, nikajua nimefika. Siku ya nne likashuka tena.

Maji sasa yalikuwa yale yale, sabuni ile ile, mkono ule ule. Kuna kitu kilikuwa kinabadilika nami sikioni.

24 Mei. Mizani yaionyesha brashi

Nimenunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu (1,100) na mabomba mawili ya sindano ya mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano zake (20 kila moja). Sabuni sasa naiparuza kwa kisu, napima gramu 1 kamili, naibandika kwa kidole ndani ya kibakuli, chini kabisa. Maji natia kwa bomba, mililita moja moja.

Hata hivyo wiki ya kwanza ya vipimo ilikuwa fujo. Mililita 5 leo zilitoa mtindi, kesho supu. Nilifuta karatasi nzima ya maandishi yangu.

Siku ya nane ndipo nilipofikiria kuipima brashi yenyewe. Ikiwa kavu ni gramu 58. Nikailowesha, nikaikung'uta kama kawaida: 63. Nikarudia: 66. Nikarudia: 61.5. Yaani nilikuwa nikipima maji kwa bomba kwa uangalifu mkubwa huku brashi ikiingia na maji yake yasiyohesabiwa, kati ya gramu 3.5 na 8, mara nyingine mengi kuliko niliyoyapima. Nyuzi za nailoni hazinywi maji ndani yake kama nywele za mnyama. Maji hukaa katikati ya nyuzi, na ukigusa kibakuli tu yanateremka yote mara moja.

Suluhisho: naikung'uta brashi mara tatu kwa nguvu, naikamua mara moja kwa kidole gumba na cha shahada kutoka shinani kwenda juu, bila kuipotosha. Nimeipima mara kumi baada ya hapo na imebaki kati ya gramu 3.6 na 4.3. Nachukulia 4. Ukitoka na jambo moja katika shajara hii, toka na hili: pima, au angalau fanya sawa kila siku, maji yaliyomo kwenye brashi kabla hujahesabu maji ya kibakuli.

31 Mei. Mililita kwa mililita

Hivi ni vipimo vya siku saba, sabuni gramu 1, maji ya mvua, na jumla ya maji ikihesabu yale 4 ya kwenye brashi.

Kwa 4 peke yake ni gundi. Brashi inanata kwenye kibakuli na ukiiinua inavuta nyuzi.

Kwa 6 ndipo panapodanganya. Povu ni jeupe sana, linasimama kama ute wa yai uliopigwa, ukiinua brashi ncha yake haianguki. Ukilipiga picha kila mtu atalisifia. Ukilisugua kati ya vidole viwili unahisi limekauka, na likikaa usoni dakika mbili linapata ngozi juu yake kama uji uliopoa. Wembe unalia njia nzima. Nina hakika wengi wanaoshindwa na jambo hili wanaishia hapa, kwa sababu jicho limekwisha kuridhika. Mimi wiki ile ya Aprili ndipo nilipokuwa.

Kwa 8 ni mtindi mzito. Linafaa. Anayeanza akilipata hili asisumbuke.

Kwa 9 na nusu hadi 10 linaacha weupe wa chaki na kuanza kung'aa. Uzito wake ni wa kasimile, lile tui la kwanza kabla hujatia maji ya pili: linashika kijiko, lakini ukikiinamisha linakwenda polepole, halikatiki. Ncha ya brashi ukiiinua inajikunja. Kati ya vidole linateleza kama bamia. Hapa wembe haukusikika kabisa, na nilipopitisha vidole nyuma yake ngozi ilikuwa bado na utelezi, ikaruhusu kurudia pale pale bila kupaka tena.

Kwa 12 mapovu makubwa yanarudi pembeni, na kwa 14 ni maji ya sabuni.

Nafasi kati ya nzuri na mbovu ni kama mililita mbili, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Sishangai sasa kwamba kwa kubahatisha nilipatia siku moja kati ya nne.

La mwisho: maji hayatiwi yote kwa mpigo. Nilijaribu kutia 6 mara moja juu ya yale 4, povu likakataa kushikana hata baada ya dakika tano. Tia mililita moja, piga mpaka ipotee, ndipo utie nyingine. Yote huchukua kama dakika mbili na nusu.

7 Juni. Mjomba asikiliza

Nilimpelekea mjomba vifaa vyote Majengo. Baada ya shikamoo na chai akanitaka nipige povu mbele yake. Hakulitazama. Alichukua kidogo kwa kidole akalipeleka sikioni, kisha akaniambia nami nifanye vivyo hivyo.

"Wasikia? Lalia hilo."

Kweli, lilikuwa likichachatika kwa sauti ndogo, kama soda inayokaribia kuisha gesi.

"Likilia halijaiva. Ndani mna upepo. Lipige mpaka linyamaze."

Nikaendelea nusu dakika zaidi, bila kuongeza maji, nikizungusha taratibu na kubana brashi kidogo tu. Likanyamaza. Nilikuwa na mizani, mabomba na karatasi za wiki tatu, na kipimo hiki sikuwa nacho: maji yanaweza kuwa sawasawa na bado mapovu hayajavunjwa yakawa madogo. Tangu siku hiyo kila asubuhi nalisikiliza.

Akanionya pia juu ya mkono. Nilikuwa nikibana brashi kwa nguvu mpaka shina linagusa kibakuli, nikidhani ndivyo povu linavyopatikana. Kufanya hivyo huingiza upepo na kuvunja nyuzi. Ncha za brashi ndizo zinazofanya kazi, akasema, shina likae juu.

14 Juni. Sabuni ya nazi

Jirani aliniambia: kama shida ni maji, tumia sabuni ya nazi, inatoa povu hata baharini. Ni kweli, na mabaharia wanalijua hilo. Sabuni ya mafuta ya nazi huyeyuka kwa urahisi kuliko nyingine, kwa hiyo chumvi haiizuii sana. Nilinunua kipande (150), nikajaribu kwa maji ya kisima kwanza.

Povu lilitoka kwa sekunde, jingi, kubwa. Lilikuwa jepesi kama la kufulia na likaisha usoni kabla ya shavu la pili. Kwa maji ya mvua lilidumu kidogo zaidi, lakini halikupata ule uzito wa kasimile kwa kipimo chochote, na ngozi ilikauka ikabana. Sabuni za kunyolea hutengenezwa kwa asidi ya steariki nyingi, ambayo ndiyo inayolipa povu uzito na kulidumisha, na sehemu kubwa ya magadi yake huwa ni ya potasiamu, ndiyo maana ni laini na hunyonya maji. Mafuta ya nazi humo ni kiungo cha kuanzisha povu tu. Kipande kilichobaki tunaogea, na kwa kuogea ni kizuri sana.

28 Juni. Brashi yaanza kunata

Kwa wiki moja povu lilikuwa likidhoofika ingawa vipimo ni vile vile. Nikashuku sabuni, nikashuku mtungi. Kumbe nilikuwa nasuuza brashi kwa maji ya bomba la nje, yaani ya kisima, na kila siku utando ulikuwa ukijijenga shinani. Asubuhi sabuni mpya inaanza kwa kukutana na chokaa ya jana.

Nilitia kijiko kikubwa cha siki (chupa 120) kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, nikaiweka brashi humo dakika kumi, nikaisuuza kwa maji ya mvua mara tatu. Maji yalitoka ya kijivu. Siku iliyofuata povu lilirudi kama la Mei. Sasa suuzo la mwisho la brashi ni la maji ya mvua daima, na siki mara moja kwa mwezi.

Hapo pia nilipiga hesabu iliyoniondolea wasiwasi wa kiangazi. Kunawa uso na kusuuza wembe natumia kisima bila shida. Maji ya mvua yanahitajika kwa kulowesha brashi, kupiga povu na lile suuzo la mwisho, na yote hayo hayazidi mililita 200. Nikinyoa kila siku ya tatu, mtungi wa lita 20 ni mara 100, siku 300. Asiye na paa la kukingia achemshe maji ya kisima, ayaache usiku kucha yatulie, amimine ya juu bila kutibua ukoko, na atumie sabuni gramu 1.5 badala ya 1. Nimelijaribu mara tatu. Uzito wake unafika kwenye mtindi, hauvuki hapo, na kwa kunyoa mara moja kufuata ndevu zinakolala unatosha.

2 Agosti. Ilipofikia

Jumla iliyotumika ni shilingi 4,070. Ningeanza upya leo nisingenunua ndimu wala sabuni ya nazi, na mizani ningeiazima, kwa sababu tangu katikati ya Juni mkono unajua na sikio linamalizia.

Asubuhi zangu sasa: nanawa uso, nalowesha ndevu dakika mbili wakati brashi iko kikombeni, naikung'uta tatu na kuikamua moja, gramu moja ya sabuni, maji kwa bomba moja moja mpaka sita, nasikiliza, napaka kwa kuzungusha halafu nalilaza. Napitisha wembe mara moja tu, kufuata ndevu zinakolala, bila kuivuta ngozi. Mara ya pili ya kurudi kinyume nimeiacha kabisa, povu liwe zuri kiasi gani, maana ndiyo inayozirudisha ndevu za kipilipili ndani ya ngozi. Wembe nautupa baada ya kunyoa mara nne.

Mwanzoni mwa Aprili nilihesabu vipele 19 shingoni. Leo ni 3, vyote upande wa kushoto chini ya taya, mahali ndevu zinapolala kuelekea sikioni nami nilikuwa nikinyoa kwenda chini. Wiki ijayo nabadilisha mwelekeo pale na nitaandika matokeo. Mtungi umebaki zaidi ya nusu.